Karina Iliyokatwa Masega

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Alhamisi, Byarugaba alifungua milango ya banda la gari nyumbani kwa marehemu kaka yake, nje kidogo ya Kamachumu, akamkuta mtoto wa kaka yake amekufa kwenye kiti cha dereva. Kijana huyo aliitwa Buberwa, miaka ishirini na saba, dereva wa mchomoko, teksi ndogo ya kuchangia abiria, kati ya Bukoba na Kamachumu. Gari alilofia lilikuwa lake mwenyewe, Karina yenye umri mkubwa kuliko leseni yake.

Sajenti Gaudiosa Rugaibula, mkaguzi wa magari wa polisi Muleba, alifika saa mbili na dakika kumi. Alimkuta Byarugaba amesimama mbele ya banda, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo mkononi, majirani amewasogeza mbali. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, wa wale wanaopenda kila jambo liende kwa utaratibu, na asubuhi hiyo utaratibu ulikuwapo.

"Afande, nitakueleza kwa mpangilio," alisema. "Jana saa moja jioni alirudi. Tukala pamoja. Baadaye akaja kukaa garini kusikiliza redio, ndiyo kawaida yake. Saa tatu mvua ikaanza, inapiga bati mpaka husikii mtu akiongea. Mimi nikalala. Ilipokatika saa kumi na moja alfajiri nilikuwa macho, nasali rozari. Kulipokucha nikaona kitanda chake hakijalaliwa, nikaja hapa. Tazama mwenyewe."

Alinyoosha fimbo. Kwenye tope kati ya nyumba na banda palikuwa na mstari mmoja wa nyayo za gambuti ukienda na mwingine ukirudi. Kando ya kila unyayo alikuwa amechomeka kijiti.

"Hizo zangu. Kabla yangu hapakuwa na hata unyayo mmoja, na tangu nitoke sijaruhusu mtu kuingia. Nimeziwekea alama ili kesho watu wasije wakasema fulani alipita."

"Umefanya vizuri, Ta Byarugaba."

"Ni wajibu, waitu," alijibu, naye kwa heshima ya Kihaya.

Gaudiosa aliingia bandani. Ufunguo ulikuwa umewashwa, betri imekufa, tanki tupu kabisa. Kioo cha dereva kilikuwa nusu wazi. Marehemu alinukia enkonyagi, ile gongo ya ndizi, na kiti chake kilikuwa kimelazwa nyuma kama cha mtu anayepumzika. Chini ya kioo cha mbele palikuwa na risiti ya petroli: lita kumi na tano, Muhutwe, Jumatano, saa kumi na moja na dakika hamsini jioni. Akalala chini kwenye mchanga na tochi, akatazama tumbo la gari, na hasira zikampanda mpaka masikioni.

Masega yalikuwa yamekatwa. Kwa mwaka mzima alikuwa akiwagombeza mafundi kuhusu masega, kile kichujio cha kwenye bomba la moshi ambacho vijana hukikata ili injini ipumue na gari lipate nguvu. Hapa fundi alikuwa ameweka bomba nyoofu, na bomba lenyewe halikufika nyuma. Liliishia chini ya mlango wa dereva. Gaudiosa aliinua kapeti. Palikuwa na tundu la kutu, kubwa kama kiganja, palepale ilipo miguu ya dereva.

Akaandika ripoti juu ya boneti kwa dakika kumi na tano: dereva alilala na injini inaunguruma, moshi ukamuua kwa sababu ya kazi mbovu ya fundi. Chanzo, uzembe wa fundi. Akatia sahihi kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi.

Kabla ya kuondoka aliingia nyumba kubwa kutoa pole. Akavua viatu mlangoni kama waombolezaji wengine. Sebule nzima ilikuwa imetandazwa nyasi, kama inavyotandazwa kwa Wahaya siku ya sikukuu au msiba, na wanawake wawili watatu walikuwa wamekwisha kukaa juu yake wakilia. Soksi zake zilikuwa zimelowa kwa matope ya uani; nyasi zile kavu, laini, zilimpa ahueni ya miguu. Bibi mmoja alikuwa akimsifu Byarugaba kwa sauti ya chini, kwamba hata katika uchungu hakuwaacha wageni wakae kwenye saruji tupu.

Saa saba mchana fundi aliyeifanya kazi ile, Avit, alikamatwa gereji kwake Miembeni, mjini Bukoba, mikono ikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi Gaudiosa alimhoji Avit katika kituo cha Muleba. Alikuwa kijana mwembamba asiyezidi miaka thelathini, macho mekundu kwa kutolala. Jumatatu saa tatu angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Aliambiwa hivyo, na hakuuliza miaka mingapi.

"Buberwa alitaka nini?"

"Nguvu ya mlima, afande. Kutoka Muhutwe kupanda Kamachumu, Karina yake ilikuwa inashindwa na abiria watano. Watu wanashuka katikati, wanatembea. Wakawa wanamcheka, wanapanda magari mengine."

"Na hela?"

"Hela hana. Injini nyingine hawezi. Nikamwambia, tuuze masega, yana madini ya bei, hela yake ndiyo itafanya kazi zote."

"Zipi? Taja moja moja."

Avit alitaja, na alipotaja, sauti yake ilipata uhai kidogo. Bomba nyoofu. Kisafisha hewa alikitoboa ili kiingize hewa nyingi. Kemshafti aliipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma ikachongwa upya, valvu zifunguke zaidi. Taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, aliisogeza mbele. Akashusha boksi la maspika lililokuwa limejaza buti, kilo thelathini za kelele tupu.

"Na bomba kuishia miguuni kwa dereva?"

"Lilikuwa limeniishia. Nilimwambia aendeshe vioo wazi, Alhamisi arudi nimalizie. Nilimwambia pia, tangu Jumanne tulipotoa masega, moshi wake sasa ni sumu, asikae nao."

"Kuna kingine hujaniambia?"

Avit alitazama kucha zake.

"Hakuna, afande."

Gaudiosa alikuwa amehoji mafundi wengi. Huyu hakuwa mwongo wa kuzaliwa, lakini kuna kitu alikuwa akikificha.

Kitu kingine kilichomkera ni jina alilolisikia kituo cha magari Muhutwe. Rugambwa, dereva mwenzake Buberwa, alikuwa amemtamkia mbele za watu: "Hilo gari litakuua mwaka huu." Na Jumatano jioni alionekana akipanda Kamachumu. Mkuu wa kituo alimwambia Gaudiosa aache kujisumbua; ripoti iko wazi, na kaiandika mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya asiache.

Saa sita mchana alimkuta Rugambwa nyumbani kwake Nyanga, akiosha gari lililojaa udongo mwekundu mpaka kwenye vioo.

"Ulimtishia marehemu."

"Nilimwonya! Gari linanguruma kama trekta, halafu bomba liko chini ya makalio yake. Wewe ungemwambia nini?"

"Jumatano usiku ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nimeshusha abiria Kamachumu, nikageuza, saa tatu na nusu nimezama kwenye tope pale kwa Karugendo, hatua mia toka hapa. Watu sita wamenisukuma mpaka saa sita usiku. Kawaulize, bado wananidai bia."

Gaudiosa aliwauliza watatu kati ya sita. Wote walikumbuka, na wawili walikumbuka bia. Alirudi kwa Rugambwa akiwa amelegea.

"Jioni hiyo ulimwona Buberwa?"

"Nilimpita Muhutwe, pale linapoanzia mlima. Limemzimikia. Anawasha, linazima. Anawasha, linazima. Nikamwuliza vipi, akasema silensa hamna, ukiachia mafuta tu linakufa. Ilibidi aendeshe mguu mmoja breki, mguu mmoja mafuta, kama anayecheza ngoma."

Gaudiosa alisimama pale uani akiikumbuka ripoti yake. Gari lisilo na silensa, ule mzunguko wa chini wa injini usiohitaji kukanyaga mafuta, haliwezi kuunguruma lenyewe. Dereva akilala, mguu ukilegea, injini inazima papo hapo. Na yeye alikuwa ameandika kwamba dereva alilala na injini inaunguruma. Hakuwa ameliwasha. Betri ilikuwa imekufa, tanki tupu, akaona hapana haja.

*

Saa kumi jioni, uani kwa kituo cha polisi, aliweka betri nyingine na petroli. Karina iliwaka kwa kishindo kilichowatoa polisi ofisini. Akaachia mafuta. Sekunde nane, ikazima. Akawasha tena. Sekunde sita. Mara ya tano hakuhitaji kuhesabu. Alikwenda mahabusu moja kwa moja.

"Kwa nini hukuniambia halina silensa?"

Avit aligeuza uso ukutani.

"Kemshafti ya namna ile juu inakimbia, chini inazima mpaka uitengee hewa upya. Sikuwahi. Alilichukua kabla sijamaliza."

"Nakuuliza kwa nini hukusema!"

"Ningesema mbele ya polisi wenzako kwamba nimemtoa mteja na gari linazima? Afande, tayari mmeniita mzembe. Niliona aibu."

Gaudiosa alikaa kwenye benchi la mahabusu. Kijana huyu alikuwa tayari kwenda jela kwa ajili ya kifo, lakini si kusikika kwamba alitoa kazi nusu. Alimwonea huruma, na huruma ikamwuma zaidi kwa kuwa yeye ndiye aliyemleta pale.

"Avit, silensa hiyo ndiyo itakayokutoa," alimwambia. "Mtu mwingine ndiye aliyelikanyagia mafuta."

*

Jumamosi saa mbili asubuhi alilala tena chini, safari hii kwenye sakafu ya Karina. Kwenye pedeli ya mafuta, raba ilikuwa na mikwaruzo miwili mipya, pande zote mbili, kama iliyobanwa na mti wenye panda. Kwenye chuma cha mbele cha kiti palikuwa na ukoko wa gome bichi. Alijua mti gani una panda namna ile na unapatikana kila uani: ule wa kuegemezea mgomba wenye mkungu mzito. Umekatwa mfupi, umebanwa kati ya kiti na pedeli.

Siku aliyokagua, mti haukuwapo. Kuna mtu aliutoa. Lini?

Akakata mti kama ule, akaubana kwenye mikwaruzo ileile, akatia lita moja ya petroli kwenye tanki kavu, akawasha na kutazama saa. Dakika thelathini na tano.

Risiti ilisema lita kumi na tano. Kutoka Muhutwe kufika nyumbani, hata kwa mlima ule, hazizidi mbili. Zilibaki kumi na tatu, na zote ziliungua mle bandani. Muda wa saa saba na dakika thelathini na tano. Ilibaki kujua injini iliwashwa saa ngapi, na mtu wa mwisho kuongea na marehemu alikuwa mama yake.

Georgina, aliyekuja msibani kutoka Bukoba anakoishi, alimpokea chumbani, nyumba kubwa Kamachumu, amejifunga kanga kiunoni, sauti imekauka.

"Mae, pole sana. Jumatano usiku aliongea nawe?"

"Alinipigia." Alitoa simu, akaonyesha. Mazungumzo yalikwisha saa nne na dakika tano usiku. "Mvua ilikuwa inapiga, simsikii vizuri. Na ulimi ulikuwa mzito. Nikamwuliza, umekunywa? Akacheka. Akasema baba mdogo amemfungulia chupa, leo wanasherehekea wawili. Nikamwambia nenda kalale." Alifuta macho kwa kiganja. "Ndilo neno langu la mwisho kwake, afande. Nenda kalale."

Byarugaba alikuwa amesema wamekula. Hakutaja chupa.

Gaudiosa alitoka na kupiga hesabu kwenye daftari, ingawa kichwani alikwisha kuipata. Saa nne na dakika tano, ongeza saa saba na dakika thelathini na tano. Mafuta yaliisha saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, au baadaye. Mvua ilikuwa imekatika dakika arobaini nzima, tope liko laini na safi. Jirani, Alistidia, alithibitisha bila kuulizwa mara mbili: ndiyo, mvua ilipokwisha alisikia gari linanguruma, akadhani kijana anawahi abiria wa Bukoba. Lakini Byarugaba, hatua ishirini kutoka bandani, macho wazi na rozari mkononi, hakusikia kitu.

Na aliyeutoa mti aliutoa baada ya mafuta kwisha. Kwenye tope palikuwa na nyayo za mtu mmoja, zimewekewa vijiti.

Hata hivyo hakumkamata. Alimjua mwanasheria atakayemtetea, na alijua angesema nini: mzee alimkuta kijana amejiua, akauficha mti ili kuficha fedheha. Nani angembishia? Alirudi Muleba akitafuna mdomo, huku Jumatatu inakuja.

Njiani, chini ya mlima, dereva wake alipunguza mwendo kuwapisha wanawake wanne waliokuwa wakitoka rweya, yale mawanda ya nyasi nje ya vijiji, kila mmoja na mzigo wa nyasi kichwani. Mahali fulani kulikuwa na harusi. Ilikuwa imenyesha asubuhi hiyo. Maji yalikuwa yakiwachuruzika mgongoni, nguo zimeganda mwilini, na mmoja alikuwa akilalamika kwamba ni kama kubeba ndoo iliyotoboka.

"Simama," Gaudiosa alisema.

"Kuna nini, afande?"

"Simama tu. Geuza."

*

Jumapili saa tisa alasiri watu walikuwa wamejaa nyumbani kwa msiba, ndani na nje. Mwili ulikuwa umerudishwa kutoka kupimwa. Mazishi ni kesho yake. Gaudiosa alivua viatu, akaingia sebuleni na askari wawili, akaomba ruhusa ya kusema. Byarugaba, aliyeketi kwenye kiti pekee, alimpa kwa kuinamisha kichwa.

Alieleza polepole, kwa Kiswahili chepesi ili wote wafuate. Gari halina silensa. Mti wenye panda. Lita kumi na tatu. Saa kumi na moja na dakika arobaini. Tope na vijiti. Kadiri alivyoendelea, ndivyo minong'ono ilivyokufa. Alipomaliza, macho yote yalikuwa kwa mzee.

Byarugaba akavua kofia, akaiweka gotini, na machozi yakamtoka.

"Nilitaka kufa na jambo hili," alisema. "Shemeji, nisamehe. Mti niliuona. Niliutoa mimi. Mtoto alijiua."

Georgina alitoa ukelele. Wanawake walimshika.

"Angezikwaje? Padri angesema nini? Watu wangesema ukoo wetu una laana. Nikautoa mti, nikauchoma jikoni, nikakuacheni muamini ni moshi tu. Nilinyamaza hata kuhusu mngurumo. Kama ni kosa, nifungeni. Nimeficha aibu ya mtoto wangu."

Ilikuwa nzuri. Watu walianza kutikisa vichwa kwa huruma, na mzee mmoja akasema wazi kwamba mwanamume ndivyo alivyo. Gaudiosa aliona sebule nzima ikimponyoka. Akageuka.

"Mama Alistidia, nyasi hizi tulizokalia, nani alizikata?"

Alistidia alishtuka kutajwa. "Mimi, waitu. Mimi na binti yangu. Kule rweya."

"Alhamisi asubuhi, baada ya kusikia msiba?"

"Hapana. Alhamisi nani angekata? Zilikuwa zimelowa tope. Tulikata Jumatano saa sita mchana, jua likiwaka. Tukazileta hapa tukazirundika ndani."

"Nani alikutuma?"

Mwanamke alimtazama Byarugaba, kisha akatazama chini. Mkono wake ulikuwa juu ya nyasi zile, akauondoa.

"Ta Byarugaba. Alisema kesho ana wageni."

"Wageni gani, shemeji?" Ilikuwa sauti ya Georgina, ndogo, ikitoka katikati ya wanawake waliomshika. "Sikukuu bado. Ndugu wa mchumba wa Buberwa wanakuja Januari. Alhamisi ulikuwa na wageni gani?"

Byarugaba alitazama mlangoni; askari wawili walikuwa wamesimama pale.

"Jumatano saa sita mchana Buberwa alikuwa hai," Gaudiosa alisema. "Alikuwa Bukoba, anachukua gari. Wewe ulikuwa umekwisha kuandaa pa kukaa waombolezaji wake. Anayejiua hamwambii baba mdogo siku moja kabla ili atandaze nyasi. Sema, mzee. Ni nani walikuwa wageni?"

"Wangekaa wapi?" Byarugaba alisema ghafla, kwa hasira, kama mtu aliyeonewa. "Watu watokao Bukoba, Muleba, mapadri, wakute saruji tupu? Waseme Byarugaba hajui kupokea watu?"

Aliyasikia maneno yake mwenyewe, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Miaka kumi na tisa," aliendelea, na sasa hakuwa akimwambia Gaudiosa bali Georgina. "Kaka alipokufa mtoto alikuwa na miaka minane. Nikaacha kwangu bondeni nikaja. Kila mgomba hapa nimeupanda au nimeuzalisha. Kahawa yote nimeipogoa kwa mkono huu. Shamba hili watu wanasema kibanja cha Byarugaba. Jumanne usiku ananiambia, baba mdogo, gari likishaweza mlima na abiria watano naoa, naleta mke nyumba kubwa, wewe utarudi kwako upumzike. Nipumzike! Mwaka mzima nilikuwa naliombea lile gari lishindwe. Lilikuwa linashindwa, na mimi naishi. Akampata Avit."

"Hukungoja hata uone kama litapanda," Gaudiosa alisema.

"Nilijua litapanda. Avit ni fundi." Alivaa kofia yake tena na kuinyoosha. "Na usiku huohuo wa Jumanne Buberwa mwenyewe ndiye aliyenieleza habari za moshi. Mwenyewe, akicheka. Nilimpa chupa, alipolala nikawasha gari. Likazima. Nikawasha tena. Mara ya nne nikaenda kukata mti."

Georgina alinyanyuka. Wote walidhani atampiga, na askari mmoja alisogea. Yeye aliinama, akachota nyasi alipokuwa amekaa, akazitupa nje mlangoni. Akachota tena. Wanawake wengine walisimama mmoja mmoja wakamsaidia, na Byarugaba alipotolewa na pingu, saruji ilikuwa tupu tayari.

*

Jumatatu saa tatu kasoro robo Gaudiosa alimfungulia Avit mlango wa mahabusu yeye mwenyewe. Mkononi alikuwa na ripoti yake ya Alhamisi, amepiga mstari kwa wino mwekundu kutoka juu mpaka chini, na nyingine mpya.

"Niliandika uongo," alisema. "Si kwa kukusudia. Kwa haraka, na kwa hasira ya masega. Nimemwambia mkuu wangu, na nimemwandikia hakimu hivyohivyo. Bomba lile lingeweza kumuua mtu siku nyingine, na kwa hilo utalipa faini. Lakini Buberwa hukumuua. Nisamehe, Avit."

Avit aliisoma ripoti mpya yote, neno kwa neno, midomo ikitembea. Ilichukua zaidi ya dakika kumi na tano. Akamrudishia.

"Wanamzika saa ngapi?"

Walifika saa kumi jioni. Avit hakutaka kuingia. Alisimama nje ya ua kwenye migomba, na shati lake la siku nne, mpaka Georgina alipomwona. Mama yule alipita katikati ya watu wote, akamshika mkono kama anayemshika mtoto, akamleta mpaka kaburini kwenye safu ya ndugu. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Rugambwa alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Walipokwisha kufukia, wakiwa bado wameshika majembe, Avit alimsogelea.

"Siku ile ulimwona mlimani," alisema. "Aliniambia hatanipigia simu. Likipanda, atakuja mwenyewe Alhamisi aniambie uso kwa uso. Sijui, Rugambwa. Siku nne nimelala chini sijui. Lilipanda?"

Rugambwa alijifuta jasho. Ilionekana wazi kwamba si jambo alilopenda kulisimulia.

"Alinipita kona ya tatu," alisema hatimaye. "Mimi gia ya kwanza, nimebeba watatu. Yeye ya pili, watano ndani na mkungu juu ya keria. Anapiga honi, amenitolea mkono dirishani. Mpaka juu kabisa sikumwona tena."

Avit alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kisichofaa makaburini, na watu waligeuka. Kisha akakaa juu ya udongo mpya akalia kwa mara ya kwanza tangu wamkamate, na Georgina akakaa chini karibu naye, akamwomba Rugambwa asimulie tena, tangu Muhutwe.